Maji Kwanza, Jembe Baadaye: Mwongozo wa Kutayarisha Kiwanja cha Nyumba Bukavu

Mwongozo huu ni wa watu wa kazi: masoni na wasaidizi wao, wachimbaji, akina mama wanaobeba mchanga na mawe mgongoni, na baba au mama mwenye parseli anayesimamia ujenzi wake mwenyewe kwa pesa iliyokusanywa kidogo kidogo. Unahusu kipindi ambacho wengi hukipita mbio, kuanzia siku unapoonyeshwa kiwanja hadi asubuhi ile jiwe la kwanza linaposhuka ndani ya mtaro wa fondasio. Mahali tambarare, kipindi hicho chaweza kwisha kwa siku tatu. Bukavu hakuna tambarare ya kutosha watu wote.

Mji wetu unaanzia ukingoni mwa Ziwa Kivu, karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na kutoka hapo unapanda tu. Zamani ulipoitwa Costermansville, nyumba nyingi za wakubwa zilijengwa kwenye rasi zinazoingia ziwani, na miteremko mikali ikaachiwa miti. Baada ya vita vya 1996 watu walimiminika kutoka vijijini wakitafuta usalama, na miteremko ile ikajaa nyumba. Leo mtu mwenye pesa ya kawaida akiulizia kiwanja atapelekwa kwenye mteremko, na hana kosa. Anahitaji kuelezwa namna ya kujenga pale bila kuzika jasho lake, wala kumzika jirani.

Nyumba za Bukavu zinazobomoka kabla ya wakati, kwa sehemu kubwa zimebomolewa na maji ambayo hakuna aliyeuliza yanapita wapi. Kwa hiyo kila kazi inayofuata humu, hata ile ya karatasi, ifanywe ukiwa na swali hilo kichwani.

Karatasi

Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo wa Kongo ni mali ya Leta. Unaponunua parseli, unanunua haki ya kuitumia, na haki hiyo huthibitishwa na cheti cha uandikishaji, kile tunachokiita sertifika, kinachotolewa na mhifadhi wa hati za ardhi. Karatasi ya mauzo iliyosainiwa mbele ya shefu wa avenyu na mashahidi inaonyesha kwamba pesa ililipwa. Ni nzuri, ihifadhi, lakini peke yake haitoshi. Chukua nakala za karatasi za muuzaji, nenda kadastri, uombe waangalie namba ya parseli na jina lililoandikwa. Kisha lipia mpimaji aje kiwanjani akuonyeshe mawe ya mpaka, yale wanayoyaita borne. Siku hiyo waite jirani wa juu, wa chini na wa pande zote mbili, wasimame pale wakiona kwa macho yao. Ugomvi wa mpaka ukizuka siku mtaro umeshachimbwa, kazi husimama, na mtaro ulio wazi hauna subira na mvua.

Ukinunua pembeni mwa mji, upande wa Kabare, utakutana na maneno mawili ya Mashi, nayo yana uzito. Kalinzi ni haki ya ardhi ambayo familia iliipata kwa kumtolea shefu wa kimila zawadi, na inarithiwa. Bwasa ni ruhusa ya kulima kwa muda. Mwenye bwasa hana cha kukuuzia, hata kama amelima pale miaka ishirini. Ulizia pia mke au mume wa muuzaji. Na kama kiwanja ni urithi, ulizia ndugu zake wote. Kanuni ya Familia inataka ridhaa ya mume na mke katika kutoa mali isiyohamishika, na mjane aliyenyimwa sauti ana haki ya kurudi na mahakama nyuma yake.

Ruhusa ya kujenga iombwe katika ofisi ya mipango ya mji kabla ya jembe kugusa udongo. Toka mji ulipoingia mikononi mwa AFC/M23, Februari 2025, utawala umebadilika, na aliyesaini jana huenda si anayesaini leo. Weka nakala tatu za kila karatasi, na moja uiweke nje ya nyumba unamolala.

Kuusoma mlima

Nenda ukakitazame kiwanja wakati wa mvua. Hili ni neno langu la kwanza kwa kila anayeniuliza, na ndilo ambalo watu hawapendi kulisikia, kwa sababu muuzaji ana haraka na kiangazi kila kiwanja ni kizuri. Mvua zetu huanza Septemba na kuendelea hadi Mei. Simama pale dakika kumi baada ya mvua kubwa, ukiwa na buti, utazame maji yanaingilia upande gani, yanatokea wapi, na yamebeba nini. Maji yakiwa mekundu mazito, kuna udongo unaoondoka huko juu. Ukiona yanachimbuka katikati ya kiwanja, pana chemchemi chini, nayo haitakoma kwa sababu umejenga juu yake.

Kisha tazama miti. Mkaratusi uliopinda karibu na shina halafu ukajinyoosha kwenda juu, mfano wa goti, unaweza kukuonyesha kwamba udongo ulitembea mti ukiwa bado mchanga, nao ukalazimika kujirekebisha. Tazama nguzo za umeme za SNEL kama zimeinama zote upande mmoja. Ingia kwa majirani, salimia, omba kuona kuta zao. Ufa mwembamba wa plasta si kitu. Ufa unaoshuka kingazi-ngazi kufuata viungo vya matofali, mpana kiasi cha kuingiza kidole, unasema fondasio imeshuka upande mmoja. Ukiukuta katika nyumba tatu zinazofuatana, usimlaumu masoni. Huo ni mlima unaotembea.

Mfano tunao hapa hapa mjini. Funu, katika komini ya Kadutu, iko juu ya poromoko kubwa la zamani ambalo bado linashuka polepole. Watafiti wa makumbusho ya Afrika ya Tervuren, Ubelgiji, na wenzao walilinganisha picha za ndege za wakati wa ukoloni na picha za setilaiti za siku hizi, karibu miaka 70 kwa jumla. Mwaka 2022 walichapisha matokeo katika jarida la Nature Geoscience: sehemu za poromoko hilo zimeongeza mwendo kadiri mji ulivyokua juu yake. Nyumba, barabara, mabati na mabomba vilibadilisha njia za maji, na maji yakaingia mlimani pasipostahili. Kwa maneno mengine, namna tunavyotayarisha viwanja vyetu, kimoja kimoja, ina sehemu katika mwendo wa mlima mzima.

Hakuna fondasio, hata iwe na chuma kiasi gani, inayozuia mlima wa namna hiyo. Ushauri wangu ni mmoja: usinunue hapo. Kwa anayeishi huko tayari na hana pengine pa kwenda, nyumba nyepesi ya mbao na bati huvumilia mwendo wa udongo kuliko matofali, na inaweza kunyanyuliwa upande ulioshuka. Adui yake ni moto, na Kadutu inaujua moto, kwa hiyo acha nafasi kati ya nyumba na nyumba.

Kaa mbali pia na korongo na vijito. Tarehe 4 Mei 2023, huko Bushushu na Nyamukubi katika teritwari ya Kalehe, mvua ilijaza mito, ikaleta mawe na matope, na watu zaidi ya 400 walipoteza maisha. Kijito unachokiruka kwa hatua moja mwezi wa Julai usikipime kwa hatua hiyo. Muulize mzee wa pale maji yalifika wapi mwaka mbaya kuliko yote aliowahi kuuona, halafu ujenge juu zaidi ya hapo.

Shimo la majaribio

Udongo wetu mwingi ni mwekundu, wa mfinyanzi, uliotokana na mawe ya volkano yaliyooza kwa muda mrefu. Ukiwa mkavu ni mgumu hata jembe linarudi. Ukilowa unalainika, unateleza, na sehemu nyingine unavimba. Ndiyo maana ugumu wa kiangazi usikudanganye.

Chimba mashimo mawili au matatu ya majaribio: moja upande wa juu wa nyumba itakapokaa, moja upande wa chini, na kiwanja kikiwa kikubwa, la tatu katikati. Urefu wa kwenda chini uwe mita moja na nusu hadi mbili. Tazama ukuta wa shimo kama unavyosoma ukurasa. Juu utaona udongo mweusi wenye mizizi, sentimita 20 hadi 30. Huo wote utaondolewa, maana mizizi ikioza huacha uwazi. Ukikutana na vipande vya sahani, mifuko ya plastiki, makaa au vitambaa, hapo pamejazwa kifusi, na fondasio haiwezi kukaa juu ya kifusi hata kikiwa na umri wa miaka kumi. Endelea kuchimba hadi uupate udongo ambao haujawahi kuguswa na mtu.

Chukua konzi moja ya udongo wa chini, uloweshe kidogo, uviringishe kati ya viganja. Ukitengeneza kamba nyembamba kama kalamu isiyokatika, mfinyanzi ni mwingi. Kwa uhakika zaidi, tia udongo hadi theluthi moja ya chupa inayoonekana ndani, ongeza maji, tikisa kwa nguvu, uiache siku nzima. Mchanga hutangulia kulala chini, mfinyanzi hubaki ukielea na kulala mwisho, na tabaka zitaonyesha kipi kimezidi. Jioni jaza maji katika shimo moja. Asubuhi yakiwa bado yamejaa, udongo huo haunywi, na kila tone la bati lako litahitaji kupelekwa kwa mfereji. Kama maji yameshuka na kuta zimeanguka ndani, waambie wachimbaji mapema, kwa sababu mtaro wao utafanya vilevile.

Njia ya maji

Kazi ya kwanza ya jembe kiwanjani ni mfereji wa juu. Unachimbwa upande wa mlima, ukikata kiwanja kwa upana, ili upokee maji yanayoshuka kutoka kwa wa juu na kuyazungusha pembeni. Upana wa sentimita 40 na kina kama hicho hutosha parseli za kawaida. Uwe na mteremko mdogo, sentimita moja au mbili kwa kila mita. Ukiwa mkali zaidi, maji yatauchimba na utakuwa korongo. Panapolazimika kushuka kwa ukali, tengeneza ngazi za mawe ndani yake ili maji yapoteze nguvu.

Swali gumu ni mfereji huo unaishia wapi. Kwa kawaida unaishia kwa jirani wa chini, kimya kimya, usiku wa mvua ya kwanza. Huko ni kumhamishia mtu maafa. Mfereji lazima ufike kwenye mtaro wa barabara au kijito, na kama njia inapita kwa mwingine, mzungumze na muujenge pamoja, kila mmoja akichangia mawe. Salongo ya majirani watano kwa Jumamosi mbili inaweza kuifanya kazi ambayo mmoja asingeimaliza kwa mwaka.

Hesabu maji ya bati pia. Bati la mita 60 za mraba likipata mvua ya milimita 20, ambayo kwetu si ajabu, linaangusha lita 1,200. Hayo ni mapipa sita ya lita 200, katika alasiri moja, yakidondokea sawasawa mguuni mwa ukuta. Panga mahali pa tangi na njia ya maji yanayozidi sasa, kabla ya kuchora nyumba. REGIDESO ikikata maji utashukuru.

Choo na shimo la maji machafu visikae upande wa juu wa nyumba. Shimo linalonyonya likiwa juu ya mteremko hulowesha udongo kiangazi na masika, na linafanya hivyo gizani, mahali ambapo jicho halifiki. Liweke upande wa chini, mbali na fondasio yako, na mbali na ukingo unaosimama juu ya mwingine.

Kukata mlima

Ili kupata uwanja wa nyumba, watu hukata upande wa juu na kumwaga udongo uleule upande wa chini. Unapatikana uwanja mpana, wa kupendeza, na nusu yake ni uongo. Nyumba ikikaa nusu juu ya udongo uliokatwa na nusu juu ya uliomwagwa, upande wa kumwagwa utashuka, na ufa utatokea pale pale pande hizo zinapokutana. Nyumba yote ikae kwenye udongo uliokatwa. Sehemu ya kumwagwa iwe ua, bustani ya lengalenga, au mahali pa kuanika nguo. Nafasi isipotosha, punguza chumba. Na kama haiwezekani kabisa, fondasio ya upande ule ipite katikati ya kifusi hadi udongo mgumu, ikishuka kwa ngazi fupi, kila ngazi ikiwa bapa. Fondasio inayofuata mteremko kama mtu anayeteleza itateleza kweli.

Usikate ukuta wa udongo ulio wima wa kimo cha mtu. Ni afadhali matuta mawili ya mita moja na robo yenye nafasi katikati kuliko ukuta mmoja wa mita mbili na nusu. Ulaze nyuma ukuta uliokatwa, na kati yake na nyumba acha angalau mita moja na nusu ya kupitisha mfereji na mtu wa kuusafisha. Nimeona nyumba nyingi zilizogusana na mlima mgongoni. Vyumba vyake vya nyuma havikauki, na watoto wanaolala humo hukohoa.

Ukuta wa mawe wa kuzuia udongo, pale unapohitajika, ujengwe kabla ya nyumba. Pesa ikitosha kimoja tu mwaka huu, ni huo. Kwa ukuta usiozidi mita mbili, upana wa chini uwe nusu ya kimo chake, na uso wake uegemee kidogo upande wa mlima. Nyuma yake jaza mawe madogo na kokoto, na uache matundu ya bomba kila baada ya mita moja au kidogo zaidi, safu ya chini na safu ya kati. Ukuta usio na matundu huzuia maji kwanza, na maji yakijaa nyuma yake huusukuma kwa nguvu kuliko udongo peke yake. Zaidi ya mita mbili, mwite injinia. Mlipe. Gharama yake haifiki bei ya lori mbili tatu za mawe yatakayopotea.

Udongo uliokatwa usitupwe korongoni. Unashuka hadi mto Kawa, unaziba madaraja madogo, na mvua inayofuata inaingia nyumba za watu. Panda nyasi za vetiver au mianzi kwenye kingo mara tu kazi inapoisha, mvua za kwanza zikiwa karibu. Mizizi itafanya kazi yake bila kudai mshahara.

Wanaochimba na wanaobeba

Chimba kutoka juu kwenda chini, kamwe usile ukuta kwa chini ili ujiangushe wenyewe. Mbinu hiyo huokoa saa mbili, nayo imeua vijana. Udongo unaotolewa uwekwe mita moja kutoka ukingo wa mtaro. Mtaro ukizidi mita moja na robo, egemeza mbao pande zote. Mvua ikianza, wote watoke, na asubuhi inayofuata msimamizi azunguke ukingo kutafuta nyufa kabla ya mtu yeyote kushuka. Pasiwe na mchimbaji aliye peke yake.

Akina mama wabebaji wanapanda na mzigo wa mchanga mgongoni, kamba ikiwa kwenye paji la uso, macho yakitazama chini. Wakatie njia yenye ngazi kabla ya safari ya kwanza, na siku ya malipo wapewe kwa idadi ya safari zilizohesabiwa mbele yao. Mtoto asibebe mawe.

Kamba

Yaliyobaki masoni anayajua, nayapita haraka. Pima pembe kwa mita tatu, nne na tano, kisha linganisha mishazari miwili, ikitofautiana, rudia. Usawa upimwe kwa mpira wa maji unaoonekana ndani, ukiwa hauna mapovu. Weka alama moja ya usawa kwenye mti imara au ukuta wa jirani, isiguswe hadi nyumba itakapofika kwenye lenta. Visiki vyote ving'olewe na mizizi yake, mashimo yajazwe kwa tabaka za sentimita 15, kila moja ikishindiliwa.

Kumbuka pia matetemeko. Tarehe 3 Februari 2008 tetemeko la kipimo cha karibu 6 lilitokea karibu na Bukavu, likaua watu Kongo na Rwanda. Udongo laini na kifusi hutikisika kwa nguvu zaidi kuliko udongo mgumu. Tetemeko linapokuja, yale mashimo ya majaribio ndiyo yatakuwa yameamua mengi.

Chimba mitaro ya fondasio kati ya Juni na Agosti. Sentimita kumi za mwisho ziache, zichimbwe siku ile mawe yanapolazwa, ili sakafu ya mtaro isilowe wala isipasuke kwa jua. Ikilowa, toa tope lote; usimwage mchanga juu yake kulificha.

Na kabla ya kumwita mchimbaji wa kwanza, shuka kwa jirani wako wa chini. Bisha hodi, kaa naye, umwonyeshe kwa kidole maji ya kiwanja chako yatapita wapi. Akisema hapana, usichimbe bado.